Presha Ilitoka Wapi?

 

Mara nyingi mtu akiambiwa kliniki kwamba presha yake iko juu, majirani humfariji hivi: "Ni uzee tu huo," au, "Ni ugonjwa wa ukoo wenu." Naye hurudi nyumbani akaendelea kupika na kula kama jana. Leo hebu tutazame nyuma kidogo, tuone kama maneno hayo ni ya kweli.

Mwaka wa 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha ripoti katika jarida la madaktari liitwalo Lancet. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili katika hospitali ya Kavirondo Kusini, kusini magharibi mwa Kenya ya leo. Kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Aliwapima pia wenyeji wapatao 1,000. Hadi umri wa miaka 40, presha yao ilikaribiana na ya Wazungu. Baada ya hapo ya Wazungu ilizidi kupanda, lakini ya wenyeji iliteremka polepole.

Umesikia hapo, mama? Wazee wetu walizeeka bila presha. Kwa hivyo uzee peke yake hauileti.

Basi ni nini kilichobadilika? Jibu moja lilipatikana katika miaka ya 1980. Watafiti wakiongozwa na Neil Poulter waliwafuata Waluo waliotoka vijijini, kaskazini mwa Ziwa Victoria, wakahamia Nairobi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990. Presha ya waliohamia haikungoja uzee. Ndani ya miezi michache tu ya kuishi mjini, ilikuwa imepita ya waliobaki. Uzito wao pia ulikuwa juu zaidi, na mioyo yao ilipiga kwa kasi zaidi. Mkojo wao ulipopimwa, ulikuwa na chumvi nyingi na potasiamu kidogo. Potasiamu ni madini tuyapatayo kwenye mboga, matunda, maharagwe, ndizi na viazi vitamu. Husaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi. Chumvi ikizidi, huvuta maji ndani ya mishipa ya damu, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu.

Ukoo wao ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni maisha, na hasa kilichoingia sufuriani.

Hatusemi kwamba zamani mambo yote yalikuwa mema. Watoto wengi walikufa kwa malaria na surua, na njaa ilikuwepo. Wala hatusemi kwamba ukoo hauna neno lolote. Tunasema tu kwamba presha imetukuta njiani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 24 kati ya kila 100 nchini wana presha ya juu. Wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa karibu 4 kati ya 10, zaidi ya mara mbili ya wanaume. Ndiyo sababu tunazungumza nawe, mama.

Unaweza kuanza leo jioni, bila pesa za ziada:

1. Chumvi yote ya mtu mzima kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate, krispi na viungo vya paketi. Usiweke chumvi mezani. Watoto wakizoea chumvi kidogo, hawataitafuta ukubwani.

2. Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Chapati na chipsi zisiwe chakula cha kila siku.

3. Rudisha managu, kunde, mrenda na terere kwenye sahani. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza.

4. Tembea haraka haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Ukipanda matatu, shuka kituo kimoja kabla ya chako.

5. Pimwa presha hata kama hujihisi mgonjwa, kwa maana mara nyingi haina dalili hadi kiharusi kinapobisha hodi. Ukiwa umepewa dawa, usiache kuzimeza kwa sababu umejisikia nafuu.

Mama, kijiko cha chumvi kimo mkononi mwako. Kilichoingia nyumbani kupitia jikoni kinaweza pia kupunguzwa papo hapo jikoni.