'Ndugu' lilipompisha 'mheshimiwa'

Majuzi nikiwa nyumbani Butula, kijana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, nadharia ya baada-ukoloni yatosha kuieleza Tanzania?" Nikamjibu: yafaa, ila haitoshi.

Hapa kwetu inafaa sana. Hadi 1902 tulihesabiwa Uganda. Waingereza wakasogeza mpaka. Leo Wasamia na Wateso wako huku na kule. Hilo ni jeraha la mkoloni, basi.

Tanzania ina tabaka la pili. Chini ya Azimio la Arusha la 1967, waziri na mkulima waliitana 'ndugu'. Ujamaa ulipofifia, na Azimio la Zanzibar la 1991 kuwalegezea viongozi masharti, 'mheshimiwa' likatamba. Hapo mkoloni hakuwapo. Maria Todorova, mzawa wa Bulgaria, alionya mwaka 1997 kwamba hata Balkani haisomeki kwa miwani ya Edward Said pekee.

Kwa hivyo, tunapojadili utambulisho wa Afrika Mashariki, tusiulize tu nani alitutawala. Tuulize pia tuliahidiana nini baada ya uhuru, na nani aliyeivunja ahadi hiyo.