Maore na Herufi Isiyotamkwa

Disemba 22, 1974, wakazi wa Visiwa vya Komoro waliulizwa na Ufaransa iwapo walitaka uhuru. Kura zilipojumlishwa, kiasi cha 95 kwa mia zilikubali. Zilipohesabiwa kisiwa kwa kisiwa, Ngazija, Nzwani na Mwali vilikubali. Maore, kwa karibu theluthi mbili, ilikataa.

Sheria ya Kifaransa iliyoitisha kura hiyo haikuwataja watu wa Komoro kwa umoja, bali kwa wingi. Kwa Kifaransa tofauti hiyo ni herufi moja mwishoni mwa neno, nayo haitamkwi. Lakini wakiwa umma mmoja, walio wengi wamekwisha amua. Wakiwa kaumu nne, kila kisiwa kina kauli yake. Bunge la Paris lilipotaka hata katiba ipitishwe kisiwa kwa kisiwa, Ahmed Abdallah hakungoja. Julai 6, 1975 alitangaza uhuru, na Novemba 12 Umoja wa Mataifa ukalipokea taifa la visiwa vinne.

Azimio 1514 la mwaka 1960 lina yote mawili: ibara ya pili inawapa watu wote haki ya kujiamulia mambo yao, ya sita inakataza kuigawa nchi. Baraza Kuu lilishika ya sita. Februari 6, 1976 Ufaransa ilitumia kura ya turufu katika Baraza la Usalama. Siku mbili baadaye Maore ikapiga kura tena, na zaidi ya 99 kwa mia wakataka kubaki na Ufaransa. Oktoba, Baraza Kuu likaihesabu kura hiyo kuwa batili.

Wamaore hawakukosa sababu. Makao ya serikali yalikuwa yamehamishwa kutoka Dzaoudzi kwenda Moroni, na riziki ikahama nayo. Wanawake ndio waliosimama mbele, wakiwatekenya wakubwa waliotoka Moroni hata wakatimka. Silaha ya ajabu, lakini ilifaa kazi.

Hoja ya Paris ilijikwaa mwaka 1997. Nzwani ilijitenga na Komoro, ikaomba kurudi Ufaransa, ikakataliwa. Kaumu iliyosikilizwa mwaka 1976 ni ile iliyokuwa ikitakiwa.

Mwaka 2011 Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Tangu 1995 Mnzwani anahitaji viza kwenda kwa shangazi yake, mwendo wa kilomita 70 hivi. Asiyeipata hupanda kwasa-kwasa usiku, na wengi wamezama njiani.