Siwaki na Afya ya Fizi katika Vitabu vya Fiqhi

 

Neno letu "mswaki" asili yake ni Kiarabu, "miswak", na maana yake ya msingi ni kusugua. Jina tumelipokea, lakini lengo lake wengi tumelisahau. Utamwona mtu kijiti kimo mfukoni, hukipitisha kwenye meno ya mbele wakati wa iqama, ilhali fizi zake zinavuja damu na aliye pembeni yake katika safu anageuza uso.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.), lau asingechelea kuutia umma wake mashakani, angeliamrisha siwaki katika kila Swala. Katika maradhi yake ya mwisho, mwaka wa 11 Hijria (632), aliingia Abdurrahman bin Abi Bakr akiwa na kijiti cha siwaki. Mtume (S.A.W.) akakitazama. Bibi Aisha (R.A.) akafahamu kuwa anakitaka, akakilainisha kwa meno yake, akampa. Na yeye huyo Bibi Aisha ndiye aliyetupokelea kuwa siwaki husafisha kinywa na humridhisha Mola. Usafi, basi, umo ndani ya ibada yenyewe.

Maimamu wa fiqhi walilifahamu hilo vyema. Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, 1277) ameeleza kuwa meno husuguliwa kwa upana, si kwa urefu, ili nyama ya fizi isitoke damu. Akataka pia kijiti kiwe cha wastani: kisiwe kikavu mno kikajeruhi, wala kibichi mno kisiondoe uchafu. Kadhalika wanavyuoni wa Kishafii wamesema kuwa sunna hupatikana kwa kila kitu twahara chenye ukwaruzo kinachoondoa uchafu, ingawa mti wa araki ni bora. Kwa hiyo mswaki wa dukani nao unaingia humo.

Lakini kuna uchafu usioondoka kwa kusugua. Ukoga ukikaa huganda ukawa ugaga, ukashika mpaka chini ya ufizi. Hapo ufizi huvimba, huvuja damu, na kinywa hunuka. Ukiachwa, meno hulegea. Hayo aliyashughulikia tabibu Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11. Katika sehemu ya 30 ya kitabu chake at-Tasrif, inayohusu upasuaji, ameeleza ugaga unavyoharibu fizi, akachora vyombo vya kuukwangua vya maumbo mbalimbali, kwa kuwa pembe za meno hazifanani. Akaagiza kuwa usipokwisha siku moja, kazi irudiwe siku zinazofuata mpaka uishe. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na madaktari wa Ulaya wakakisoma kwa muda mrefu. Leo daktari wa meno anapokwangua ugaga, anafanya kazi ambayo Mwislamu huyo aliieleza miaka elfu moja iliyopita.

Linabaki suala la Ramadhani. Qauli mashuhuri katika madhehebu ya Shafii ni kuwa siwaki ni makuruhu kwa mfungaji baada ya jua kupinduka, kwa hoja ya Hadithi isemayo kuwa harufu ya kinywa cha mfungaji ni bora mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko miski. Hata hivyo, Nawawi mwenyewe katika al-Majmuu ameitaja qauli ya kutokuwepo karaha kuwa ina nguvu kwa upande wa dalili, na kwamba ndiyo kauli ya wanavyuoni wengi, naye akaichagua. Hata mwenye kushika qauli mashuhuri ana asubuhi yote na usiku wote. Ama kukwanguliwa ugaga, kwa kuwa damu hutoka na kuimeza kunabatilisha Swaumu, ni salama zaidi kufanywa usiku au kabla ya Ramadhani.

Ndugu maimamu, aliyekula kitunguu saumu kibichi amekatazwa kuukaribia msikiti kwa sababu ya kuwaudhi Malaika na watu, na harufu hiyo ni ya muda tu. Vipi kinywa kinachonuka mwaka mzima kwa ugonjwa unaotibika? Mgonjwa asikebehiwe, anasihiwe kwa faragha, apelekwe kwa daktari. Na atakayeanza awe imamu mwenyewe.

Wallahu a'lam.