Mchungwa na Mizizi ya Kuazima

Ndugu zetu wa Nkuhungu, mlio nyumbani na mlio mbali,

Wengi tumeona mchungwa ukitoka gundi shinani, gome likaoza, majani yakawa manjano, ukafa. Tukalaumu jua la Dodoma. Mara nyingi mwuaji ni Phytophthora, kijidudu kama ukungu ambacho mbegu zake huogelea kwenye maji yaliyotuama. Na maji ya kutuama sisi tunayajua!

Miaka ya 1840 ugonjwa huo uliangamiza michungwa ya visiwa vya Azores. Dawa ilikuwa kubebesha mchungwa mtamu juu ya mdanzi, wenye mizizi mivumilivu. Takriban miaka 100 baadaye mdanzi nao ukaponza: virusi vya tristeza, vinavyoenezwa na vidukari, viliua mamilioni ya miti iliyobebeshwa juu yake kule Brazili na Argentina. Wengine walikimbilia limau kali, linalotumika sana hata Muheza. Hilo huvumilia ukame na tristeza, ila kwenye maji huoza upesi.

Kwa harambee ya mwaka huu tunataka kupanda yote mawili, bondeni na mwinuko, tuhesabu iliyo hai baada ya masika mbili, ndipo tuwanunulie wanachama miche.