Sifa ya Uswahili Mjini Bujumbura

Lipo neno ambalo mwalimu wa Kiswahili mjini Bujumbura hulitamka kila siku, na ambalo baadhi ya wanafunzi wake hulisikia kwa maana isiyo yake. Neno lenyewe ni jina la lugha yetu, litumikapo kama sifa.

Mwingereza ana sifa moja tu isiyobadilika: huitumia kwa mwalimu aliye Mswahili, na huitumia vilevile kwa mwalimu afundishaye lugha, msikilizaji hubaki kukisia. Sisi hatukisii. “Mwalimu Mswahili” ni mmoja, “mwalimu wa Kiswahili” ni mwingine. Tofauti hiyo ndogo ya sarufi ina uzito mkubwa katika historia ya mji huu.

Asili ya neno ni Kiarabu: *sawahil*, wingi wa *sahil*, yaani pwani. Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alilitumia kuitaja nchi. Kwa hiyo hapo mwanzo lilieleza mahali, wala si tabia ya mtu.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ililifikisha neno hili Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kutoka huko Rumaliza alijaribu kuishambulia Burundi ya Mwami Mwezi Gisabo. Kisha Wajerumani wakajenga kituo cha kijeshi Usumbura, na pamoja nao wakaja askari, makarani na wachuuzi wasemao Kiswahili. Wabelgiji waliiteka nchi mwaka 1916, na katika enzi yao mtaa wa Buyenzi ukawa maskani mashuhuri ya Waislamu wa lugha hii.

Basi si ajabu kwamba katika Kirundi *umuswahili* alikuwa kwanza mgeni, kisha Mwislamu, kisha mtu wa mjini, na mwishowe mjanja asiyeaminika. Wala tusiwalaumu Warundi peke yao: hata Dar es Salaam husemwa “mambo ya Kiswahili” kwa maana ya ubabaishaji.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na lugha yetu ina nafasi katika shule zake. Lakini mtoto wa milimani atajifunzaje kwa moyo lugha ambayo jina lake ni tusi nyumbani kwao? Na mtoto wa Buyenzi atajionaje, akisifiwa darasani na kudharauliwa njiani kwa neno lile lile?

Twaona kwamba kulikataza neno hakufai, kwani maneno hayafi kwa amri. Yafaa mwalimu aandike ubaoni maana zake zote kwa mfuatano wa wakati, ili mwanafunzi atambue kwamba maana mbaya ina chanzo chake katika biashara, vita na utawala, wala haikuzaliwa na lugha. Atakayeelewa hivyo atasema Kiswahili bila haya, awe Mswahili au asiwe.