Mfuatano au mpangilio?

Anayejifunza kuchambua DNA kwa kompyuta hupokewa na msururu mrefu wa herufi nne: A, C, G, T. Tuuiteje? Wengi husema mpangilio. Mimi nashikilia mfuatano. Mpangilio una mpangaji, kama vyombo kabatini. Mfuatano ni hiki nyuma ya kile, na herufi moja ikibadilika huenda protini nayo ikabadilika.

Kigumu zaidi ni kulinganisha. Programu ya BLAST, iliyotangazwa 1990, hulaza mifuatano miwili sambamba, herufi chini ya herufi. Toleo la 1997 liliruhusu hata mapengo, yanayojazwa vistari. Huko si kulinganisha tu, ni kutafutiana wenza. Neno tunalo: kuoanisha, mjukuu wa kuoa. Walimu, andikeni hilo.