Sanamu ya Askari, Jina la Mpagazi

Picha zangu za Dar es Salaam ziko za aina mbili. Za kwanza ni za pale ambapo kila mgeni hupiga: Sanamu ya Askari, Mnara wa Saa, kanisa la Azania Front, feri ya Kigamboni. Za pili ni za pale ambapo mgeni huambiwa ashike simu yake vizuri: Kariakoo. Ukiziweka pamoja utadhani ni miji miwili. Kumbe vita moja ndiyo iliyozizaa sanamu ya Posta na jina la Kariakoo.

Tuanze na sanamu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walisimamisha hapa mjini sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Chini ya miguu yake walimweka askari Mwafrika, akimtazama bwana wake juu. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na baadaye Wissmann akasafirishwa hadi Hamburg. Huko nako wanafunzi waliiangusha sanamu yake, ikaondolewa kabisa mwaka 1968.

Mwaka 1927 Waingereza walizindua sanamu yao. Safari hii askari Mwafrika alipanda juu, akasimama peke yake, bunduki yenye singe ameielekeza bandarini. Mpaka leo yuko pale kwenye kipilefti cha Samora, daladala na bajaji zikimzunguka. Humpigi picha bila kuinua uso. Mchongaji alikwishakuchagulia pa kusimama.

Lakini jeshi lile halikutembea kwa askari tu. Magari yalikwama kwenye tope, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Chakula, risasi na majeruhi vilibebwa na watu, wengi wao wakiwa wamechukuliwa vijijini kwa nguvu. Wapagazi waliofia upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kuwa takriban 95,000. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao hapa Dar ilikuwa upande wa magharibi wa mji, na midomo ya watu ikalitengeneza upya jina lile: Kariakoo. Hakuna aliyekata utepe wala kutoa hotuba. Ni kumbukumbu iliyojengwa kwa ulimi, na kila konda anayeita abiria anaizindua upya.

Soko lenyewe, lenye miamvuli mikubwa ya zege, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likajengwa miaka ya 1970. Moto ulipoliunguza Julai 2021, watu wengi tulirudi kwenye simu zetu kutafuta picha za zamani. Za paa zilikuwepo. Nilizozithamini zaidi ni zile za kawaida: mama wa viungo akipima bizari, foleni ya maguta, kijana amejitwisha belo la mitumba.

Kijana huyo hapigiki kama yule wa Posta. Mzigo umemfunika uso, shingo imezama, naye hasubiri. "Nipishe, braza!" Ukimfuata mpaka anapotua, atakuuliza, "Picha ya nini?" Ni swali la haki. Wapagazi wa 1914 hadi 1918 walihesabiwa kwa maelfu, na wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kupiga, naomba ruhusa na kuuliza jina, kisha naliandika pamoja na tarehe na mtaa. Picha za askari wa shaba zimejaa tele, na zangu hazitamwongezea kitu. Anayepita Mtaa wa Msimbazi na gunia kichwani hana picha nyingine itakayosema alikuwa nani.